Kompyuta ya duka imegoma: anzia wapi

Nikiitwa dukani, kabla ya kugusa chochote huuliza maswali matatu. Mara ya mwisho ilifanya kazi sawasawa lini? Tangu hapo nani amegusa nini, hata kama ni kusogeza meza ili apige deki? Na je, kinachogoma kinagoma kwenye kompyuta hii peke yake, au hata kwenye simu? Wenye maduka wengi hawapendi kuulizwa. Wanataka waone bisibisi ikizunguka, maana hapo ndipo wanapoona fundi amefanya kazi. Mimi bisibisi huitoa mwisho.

Duka la Nairobi siku hizi, liwe la vitambaa Eastleigh au la vipuri Kirinyaga Road, limefunga mambo mengi kwenye mashine moja: ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya), hesabu ya tili, orodha ya bidhaa, barua pepe za wanaoleta mzigo. Ikigoma, mteja anasimama na pesa mkononi, na mwenye duka ananunua kitu cha kwanza atakachoambiwa anunue. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa maneno ninayoambiwa nikifika. Mgonjwa husema panapouma, na kwenye kompyuta panapouma na penye ugonjwa huwa mara nyingi ni sehemu mbili tofauti.

"Fundi, iTax imekataa kufunguka"

Mwenye duka anataka kuingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na skrini inaonya kwamba muunganisho si salama. Simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile inafungua bila shida. Mwenye duka ameshazima ruta na kuiwasha mara tatu, na ameshagombana na watu wa intaneti.

Tazama saa ya kompyuta, chini pembeni upande wa kulia. Usiishie kwenye saa na dakika, soma na mwaka. Nimekuta mashine zinazoamini tuko 2014.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama leseni ya kaunti uliyoitundika ukutani. Kivinjari hulinganisha cheti hicho na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikidhani ni 2014, inaona leseni ambayo haijaanza kutumika, na inafunga mlango. Saa yenyewe hutunzwa na betri bapa, mviringo kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ya volti 3, iliyokaa kwenye ubao mkuu ndani ya mashine. Kompyuta nyingi za maduka yetu zilitumikia ofisi za Uingereza miaka kadhaa kabla ya kufika Luthuli Avenue, na betri hiyo imekuja nazo bila kubadilishwa. Jioni unazima swichi ya ukutani, betri iliyochoka inashindwa kushika saa usiku kucha, asubuhi mashine inaamka imerudi nyuma miaka kumi.

Rekebisha tarehe kwa mkono, hakikisha majira ni ya Nairobi, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC, kisha fungua tovuti tena. Ikifunguka umeshampata mwizi. Zima ukutani usiku huo. Kesho tarehe ikiwa imerudi nyuma, ni betri. Ikiwa haijarudi, kuna mtu aliichezea. Betri haizidi bei ya chakula cha mchana kibandani. Chomoa waya, fungua kifuniko cha ubavuni, sukuma kibano, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kwa laptopu betri hiyo mara nyingine imefichwa na ina kawaya kake. Hapo usijitie ushujaa.

Kama saa iko sawa, jaribu tovuti nyingine salama. Zikifunguka zote isipokuwa moja, jaribu kivinjari kingine kabla ya kulaumu mtandao. Na ikiwa ni tarehe 20, siku ya mwisho ya VAT ya mwezi uliopita, au 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za mwaka, elewa kwamba kila mtu anabisha mlango mmoja. Rudi alfajiri.

Jambo moja watu husahau baada ya kurekebisha saa: kukagua ankara zilizotoka wakati saa ilikuwa imepotea, ikiwa programu yako ya mauzo huchukua tarehe kutoka kwenye kompyuta. Tangu 1 Januari 2024 mfanyabiashara akitaka gharama zake zitambuliwe kwenye hesabu ya kodi, anahitaji ankara ya eTIMS. Mteja uliyempa ankara yenye mwaka wa ajabu atarudi, na hatarudi akicheka.

"Hesabu ya Excel hailingani na ya tili"

Hili ndilo linaloniletea simu nyingi mwisho wa mwezi, na ndilo lenye madhara makubwa, kwa sababu kompyuta haioneshi dalili yoyote ya kuumwa. Inawaka, inajumlisha, inatoa jibu. Jibu tu ndilo la uongo.

Mama mmoja mwenye duka la jumla aliniita akiwa ameshamshuku mpwa wake aliyekaa kwenye kaunta. Alikuwa ameshusha taarifa ya mauzo ya Aprili, akaifungua kwenye Excel, akachuja Aprili. Ikabaki siku moja tu, tarehe 4. Siku nyingine zote mauzo hayakuonekana. Kijana alikuwa amekaa kwenye gunia la sukari, ameinamisha kichwa.

Kompyuta ile ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Sisi tukiandika 03/04 tunamaanisha tarehe tatu Aprili. Yenyewe ikasoma tarehe nne Machi. Kwa hiyo mauzo ya tarehe 1 hadi 12 yalikuwa yametawanyika kuanzia Januari mpaka Desemba, kimya kimya, na ya tarehe 4 tu ndiyo yaliyobaki mahali pake kwa sababu 04/04 haina pa kugeukia. Kuanzia tarehe 13 Excel ilishindwa, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, ikaziacha kama maneno tu.

Dalili unaiona kwa macho. Panua safu ya tarehe. Tarehe ambazo Excel imezielewa hulala upande wa kulia wa kisanduku. Zile ilizoziona kuwa maneno husimama kushoto. Ukiona nyingine kulia, nyingine kushoto, simamisha kila kitu. Usijaribu kuzirekebisha moja moja, na usihifadhi faili hilo. Funga, nenda kwenye mipangilio ya Windows sehemu iitwayo Region, chagua English (Kenya), halafu fungua upya faili la asili ulilolishusha. Lile ulilokwisha kulihifadhi limeshaharibika: mle ndani tarehe tatu Aprili imekuwa kweli tarehe nne Machi, na hakuna mpangilio utakaoirudisha.

Ndugu wa tatizo hili ni jumla inayotoa sifuri. Umeweka SUM, fomula ya kujumlisha, safu imejaa pesa, jibu ni 0. Tena angalia upande. Namba zilizosimama kushoto ni maneno kwa Excel, mara nyingi kwa sababu zimekuja na herufi za KES mbele au nafasi tupu nyuma. Ondoa herufi na nafasi hizo kwa kutafuta na kubadilisha. Ukiona pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya kisanduku, chagua safu nzima, bonyeza alama ya manjano inayotokea, ukubali zigeuzwe kuwa namba.

Kinyume chake ni namba ambazo hazifai kuwa namba. Simu ya mteja inaanza na sifuri. Excel inaona sifuri ya mbele haina thamani na inaitupa, ndiyo maana orodha yako ya wadeni ina simu za tarakimu tisa. Msimbo wa bidhaa za Kenya, ule unaoanza na 616, una tarakimu 13, na ukiuskani unageuka kitu kama 6.16E+12. Hapo hakijapotea kitu, ni sura tu. Lakini ukiandika namba yenye tarakimu zaidi ya 15, za mwisho zinageuzwa sifuri na haziponi. Dawa ni moja kwa zote: kabla ya kuandika, chagua safu na uiambie ni Text. Kabla, si baada.

Mpwa alirudi kwenye kaunta siku hiyo hiyo. Sijui kama aliombwa msamaha.

"Haiwaki kabisa"

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo. Ni aibu kiasi gani cha nauli nimelipwa kwa kuwasha swichi ya ukutani iliyoguswa na ufagio.

Soketi ikiwa hai, fuata waya: wa kompyuta, wa skrini, na kifaa cha UPS katikati, kile chenye betri ya kushikilia umeme stima ikipotea. Taa ya kompyuta ikiwaka na feni ikizunguka lakini skrini ni nyeusi, kompyuta haijafa. Chunguza skrini na waya wake kwanza. Ikiwaka na kulia pii pii bila picha, shuku RAM, kibao cha kumbukumbu ya muda ndani ya mashine: chomoa umeme, itoe, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike ikibana pande zote mbili. Nusu dakika ya kifutio imefufua mashine nyingi zilizokuwa zimeshatangaziwa tanzia. Kwa laptopu, ondoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha nusu dakika nzima, rudisha chaja, jaribu tena.

Sasa onyo kwa wanaonunua kompyuta za mezani zilizotoka Marekani. Umeme wao ni wa volti 120 hivi, wetu ni 240. Nyuma ya mashine nyingi za zamani, karibu na waya wa umeme, kuna kaswichi kekundu kanachoonyesha 115 au 230. Kakiwa kwenye 115 ukachomeka hapa, utasikia mlipuko mdogo na harufu ya kuungua kabla hujaondoa mkono. Sogeza kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Kama tayari imelipuka, mara nyingi kilichokufa ni kisanduku cha umeme peke yake, na hicho hubadilishwa. Muuzaji atakwambia mashine nzima imekwisha. Usikubali kabla fundi mwingine hajaijaribu kwa kisanduku kingine cha umeme kinachofanya kazi.

Na UPS inayolia na kuzima pale pale stima inapopotea, ilhali zamani ilikupa dakika kumi? Betri ya ndani imezeeka. Miaka mitatu hadi mitano ndio umri wake. Hubadilishwa betri tu. Lakini tazama kwanza umechomeka nini. Printa ya leza haikai kwenye UPS. Ina kinu cha joto ndani kinachovuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo haiwezi kuubeba.

"Printa ya risiti inatoa karatasi tupu"

Karatasi imewekwa kichwa chini. Kweli, ni hilo tu, mara nyingi. Printa hizi hazina wino. Karatasi yenyewe ndiyo inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ni upande mmoja tu ulio na dawa. Kwaruza kwa ukucha: upande unaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kuelekea kichwa cha printa. Pande zote mbili zisipoacha mstari, uliuziwa karatasi ya kawaida. Maandishi yakitoka lakini yana mstari mweupe wima, futa kichwa kwa pamba yenye spiriti, printa ikiwa imezimwa na kupoa.

Ukiwa hapo, kumbuka risiti unazopewa wewe. Kilichoandikwa kwa joto hufutwa na joto. Risiti ya jumla iliyokaa juu ya dashibodi ya pikapu mwezi mzima haina neno tena, na sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Piga picha au toa kopi siku hiyo hiyo.

Tatizo lingine la printa huja na maneno haya: "Tangu stima irudi, kompyuta haioni printa." Hili huwapata wenye printa iliyounganishwa kwenye ruta. Ruta hugawa anwani kama karani anayegawa viti; ikizima na kuwaka, printa inaweza kupewa kiti kipya, na kompyuta inaendelea kupeleka kazi kwenye kiti cha zamani. Kufuta printa na kuiweka upya kunasaidia, mpaka stima ipotee tena. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuihifadhia printa anwani moja. Ni kazi ya dakika tano ambayo fundi wengine hawakwambii, kwa sababu nauli ya kurudi ni tamu.

"Imekuwa polepole kama konokono"

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha nani anakula nini. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 wakati hufanyi kitu, na mashine bado ina diski ya zamani ya kuzunguka, ibadilishe kwa SSD, diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna pesa ya kompyuta inayoonekana haraka kama hiyo. Ikiwa ni RAM iliyojaa, na una gigabaiti 4 tu, ongeza. Kivinjari chenye kurasa ishirini kinazimaliza chenyewe.

Ikianza vizuri asubuhi na kulegea mchana huku feni ikinguruma, ni joto. Duka la mitumba Gikomba lina nyuzi za nguo hewani, na nyuzi hizo huzoana kwenye feni mpaka zinakuwa kama blanketi. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi ili isiungue. Puliza vumbi nje ya duka, mashine ikiwa imezimwa, na shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Unayefikiria kununua nyingine, jua kwamba Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza kama hiyo unayouziwa inakubali Windows 11 rasmi. Prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha nane kwa kawaida haikubali, hata ikiwa imepakwa rangi ikang'aa.

"Intaneti imekatika"

Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ile ile inafanya kazi, intaneti haijakatika. Rudi kwenye kompyuta, na uanze na ile saa. Vyote vikigoma, washa data ya simu uendelee kuuza, kisha uulize kama umelipa.

"Faili zote kwenye flashi zimegeuka njia za mkato"

Ulipeleka flashi saiba kuchapisha barua, ukarudi nayo, na kila folda sasa ina mshale mdogo na haifunguki. Usibonyeze. Kila ukibonyeza unakaribisha virusi kwenye kompyuta ya duka. Faili zako zipo, zimefichwa tu. Ukitaka kuhakikisha, angalia flashi imetumika kiasi gani. Usiifomati pia, ingawa ndicho kitu cha kwanza utakachoshauriwa.

Pitisha antivirusi iliyosasishwa. Kisha fungua dirisha la amri, yaani cmd, na kama flashi yako ni herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Folda zako zitajitokeza kando ya zile za uongo. Nakili zako kwingine, futa nyingine zote, sasa ndipo ufomati. Na saiba uende na flashi tupu yenye faili moja tu unalolichapisha, au ujitumie kwa barua pepe.

"Inafanya tik, tik, tik"

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo pekee ambalo nakuomba usijaribu kurekebisha chochote. Sauti ya kugonga kutoka kwenye diski ya zamani, pamoja na faili zinazochukua muda mrefu kufunguka, maana yake kichwa kinachosoma kinahangaika kupata pa kusoma. Kila dakika inayowaka kinaweza kukwaruza zaidi palipoandikwa orodha yako ya wadeni.

Kama mashine bado iko hewani na hesabu ya wiki hii haina nakala popote, nakili faili hilo moja kwanza, siyo picha za harusi. Kisha zima, chomoa, itoe diski, uifunge kwa kitambaa laini, umpelekee anayeokoa data. Ukifika mwambie ukweli: iligonga kwa muda gani, na nani aliiwasha tena "mara moja tu" kuona kama imepona.